Kaseti ya Shoti

Anzuruni anasema solo ilianza kabla ya ngoma.
Mimi nasema ngoma ilianza, ikakosea, ikaanza tena.
Tumebishana tangu mwaka ule wa foleni ya sabuni,
na leo, kwa fundi Mbaraka, Gerezani,
katikati ya redio zilizopasuliwa matumbo,
tumeleta shahidi: kaseti moja, ubavu umepata ufa,
umefungwa kwa plasta ya kidonda.

Bendi iliitwa Shoti.
Jina walipewa na umeme wenyewe.
Usiku wa kwanza, ukumbi wa Anatoglo,
spika ilitoa moshi, mtu akapiga yowe, "Shoti! Shoti!"
nasi tuliokuwa nyuma tukadhani ni kushangilia,
tukaitikia.

Vijana wanne wa Ilala na mmoja wa Upanga,
Alnasiri, aliyeiba amplifaya ya baba yake
iliyokuwa ya kukodisha harusini.
Nyuzi za gitaa hazikuwepo dukani.
Dukani hapakuwa na kitu, hata kiberiti kilikuwa habari.
Basi Kondo akachomoa waya wa breki
kwenye baiskeli ya mjomba wake
akaufanya uzi wa sita.
Mjomba akashuka mteremko wa Magomeni, breki hana,
akasimamia Jangwani, ndani ya matope.
Alipona. Wimbo nao ukapona.

Hawakujua kupiga. Nalisema mimi niliyewapenda.
Bendi za baba zetu zilikuwa na tarumbeta na suti za sare,
zilibembeleza: mpenzi rudi, mpenzi nimekukosa nini.
Shoti hawakumbembeleza mtu.
Sauti yao ilikuwa bati linaloburutwa juu ya lami,
na ndani ya bati mtoto mmoja mwembamba, Selestini,
akipayuka kuhusu viatu.
Ndiyo, viatu. Wimbo mzima:
kwamba pea ni moja, ndugu ni wawili,
na leo ni zamu ya kaka.

Tuliruka. Sijui kama kule kuliitwa kucheza.
Mama aliniuliza gauni limechanwa na nini kwapani.
Nikasema msumari.
Akalinusa, akasema, msumari huu unavuta sigara.

Anzuruni anasema alikuwa mbele, alishika waya wa maikrofoni.
Kila mtu wa rika letu alikuwa mbele.
Ukitupanga sote tuliokuwa mbele
ukumbi ungefika Kigogo.

Fundi anapuliza vumbi, anapaka spiriti,
anauzungusha mkanda kwa kalamu, mdogo mdogo,
kama anayemnywesha mgonjwa uji.
"Msitarajie," anasema.
Tunatarajia.

Kwanza mvumo. Kisha kikohozi.
Kisha kitu kama gunia la vijiko likiporomoka ngazini.
"Hiyo! Solo!" anasema Anzuruni.
"Ngoma," nasema.
Fundi, aliyezaliwa Shoti wakiwa wameshavunjika,
anasema, "Hapo mkanda umekwaruzika tu."

Halafu muziki unazama.
Gitaa limeliwa na ukungu, besi imekwenda na kutu,
Selestini, ambaye siku hizi amelala Kinondoni,
anafungua mdomo na hakitoki kitu.
Tumebaki sisi:
miguu, mbinja, mtu anamwita Kondo kwa jina la mama yake,
chupa inaviringika, inaviringika hadi ukutani,
na sauti ya msichana, karibu kabisa na kinasa,
kali, haina adabu,
"Ongeza! Hatusikii! Ongeza!"

Natazama bisibisi za fundi, moja moja.
Miaka thelathini dirishani pale Posta
wateja walikuwa wakiniinamia: dada, unasemaje?

"Kumbe kweli ulikuwa mbele," anasema Anzuruni,
shingo upande, kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.

Nje mafundi wa Gerezani wanagonga majiko,
mmoja amewahi, mmoja amechelewa,
na hakuna anayewauliza nani alianza.
Fundi ameshika swichi. Anauliza azime?

"Ongeza," namwambia.
Hakusikia.
Namwambia tena.